Viraka Kumi na Kimoja

4 Februari

Baba Kibogoyo,

Sasa hivi mwanao kachomeka kijiko kwenye kile kitundu cha ubavuni mwa kompyuta, kakitikisa kuona kama kimekaa, halafu kajipigia makofi kama fundi aliyemaliza kazi. Nimekitoa, kalia. Nimemrudishia, kanyamaza, na sasa anakitafuna kwa lile jino lake moja. Jina la Kibogoyo tutalibadilisha lini? Mama yako anasema jina la utani likishamganda mtu halibanduki, yeye anamjua mzee wa miaka sabini mpaka leo anaitwa Kitoto.

Haya, habari ya kazi. Ile hitilafu ya saba nimeipata.

Unakumbuka ulivyonieleza mara ya kwanza, nimelala na mimba, daktari kanikataza hata kushika ufagio? Ulisema kiini ndio moyo wa mashine, na ndani yake yumo mgawaji wa kumbukumbu. Programu ikitaka nafasi ya kuweka vitu vyake inamwomba, anaipa, ikimaliza inarudisha. Nikakuambia huyo si mgawaji, huyo ni mimi. Miaka minne nimekaa mapokezi ya gesti, vyumba kumi na vinane, funguo ukutani kwenye misumari. Ulicheka mpaka ukakohoa. Sasa cheka tena, maana hitilafu yako ni mgeni aliyerudisha ufunguo huku kachonga wa pili mfukoni. Kaaga, kaondoka, kesho anaingia chumbani kama kwake, na ndani kuna mgeni mwingine.

Nimefanya hivi. Chumba kikirudishwa, kwanza nakijaza alama kila kona, ndipo natundika ufunguo. Mwenye ufunguo wa kuchonga akiingia anakutana na alama, na mashine inapiga kelele palepale kabla hajaharibu kitu. Kwenye alama ndipo nilipohangaika. Ulinifundisha kwamba mashine inaandika namba zake kwa tarakimu na herufi sita tu, A mpaka F. Nilitaka kuandika MAMA. M haimo. Nimezigeuza hizo herufi sita asubuhi nzima, nikapata DADA na BABA. Dada sina. Nimeweka BABA. Kwa hiyo kila chumba kitupu humo ndani kimeandikwa BABA, kama hiki chetu tu.

Ule mstari wa sahihi chini ya kiraka, kama mnavyoyaita marekebisho haya, nimeuacha wazi kama ulivyosema, utaujaza huko kazini kwenye mtandao mzuri.

Na usisahau kuniulizia kwa huyo Msimamizi wa Kiini anayepokea viraka. Ulisema mwenye viraka kumi vilivyopokelewa anapewa nafasi ya mwaka mzima ya kujifunza na kufanya kazi na watu wa mradi, na hawaulizi cheti, wanahesabu viraka. Mimi niliyeishia kidato cha pili! Nikifikiria hilo nacheka peke yangu kama siku ile uliyokuja kwetu na shati la kuazima.

Bado vitatu.

Mama Kibogoyo


12 Februari

Mke wangu mpenzi,

Kiraka chetu cha saba kimepokelewa. Hapa ofisini wamekizungumzia siku nzima, hata wale wa ghorofa ya juu ambao huwa hawatusalimii wameshuka kuuliza BABA ni nini. Nimewajibu. Tumecheka sana.

Nimekipangapanga kidogo kabla ya kukituma, mistari miwili ilikuwa haijakaa vizuri kwa macho. Wewe unaandika kama unavyoongea, na huku watu wanapenda unadhifu. Usijali, maana ni ileile.

Kuhusu ile nafasi, nitauliza. Sasa hivi Msimamizi ana mambo mengi na mtu hapaswi kumwendea kwa pupa. Haraka haraka haina baraka, unalijua hilo. Tukifikisha kumi nitajua pa kuanzia.

Nakuambatanishia hitilafu nyingine nne ndogo. Mbili ni za kuhesabu vibaya, moja ni mtu kaomba nafasi ya ukubwa wa sifuri na mgawaji kampa, na ya mwisho sijaielewa hata mimi. Ukizipata kabla ya mwisho wa mwezi ujao utakuwa umenisaidia mno.

Mbusu Kibogoyo. Mwambie Mama koti la baridi nimenunua, asilie tena kwenye simu.

Mumeo


20 Machi

Baba Kibogoyo,

Kumi na kimoja!

Zote nne zimekwisha na nimeshakutumia. Ya sifuri imenichekesha. Mgeni anakuja mapokezi anasema nipe chumba kisichokuwepo, na mgawaji wenu anampa ufunguo, bwana, anamwandikisha na kitabuni. Ile usiyoielewa ilinitesa siku tisa. Mama yako alikuwa anapita mlangoni na ndoo, anasimama, anasema, “Hicho kidude kinakuangalia au wewe unakiangalia?” Siku ya tisa nilipopiga kelele akadhani mtoto kaanguka. Nikamweleza nilichokipata, kuhesabu kulianzia moja mahali pa sifuri. Akanusa upande wa jikoni. Akasema, “Siku tisa kwa ajili ya moja na sifuri. Na mboga imeungua.” Lakini alimchukua Kibogoyo akamlisha yeye, na jana nimemsikia ukutani anamwambia jirani, mkwe wangu anatengeneza ubongo wa kompyuta.

Nisikilize sasa, nina habari na usinigombeze. Nimeona una kazi nyingi na sikutaka kukuongezea, nimemwandikia Msimamizi mwenyewe. Fundi simu wa pale kwenye kona alinionyesha tangazo, kumbe mwisho wa kuomba ni tarehe thelathini Aprili, na ni mara moja kwa mwaka. Nikajaza. Palipoandikwa shule nimeandika kweli, kidato cha pili. Palipoandikwa kazi nimeandika mapokezi ya gesti, miaka minne. Palipoandikwa viraka nimeandika kumi na kimoja, hutumwa na mume wangu, nikataja jina lako kamili ili wajue pa kuulizia. Nikabonyeza kutuma. Fundi akasema, “Mama Kibogoyo, ukipata usitusahau sisi wa kona.”

Nimemwambia sitamsahau.

Mama Kibogoyo


27 Machi

Kwa mwombaji,

Asante kwa maombi yako, ambayo nimeyasoma zaidi ya mara moja kwa sababu yameandikwa kwa uwazi kuliko mengi tunayoyapokea.

Kwa masikitiko, nakujulisha kuwa jina lako halimo katika orodha yetu. Nimevitafuta viraka kumi na kimoja ulivyovitaja na nimevipata. Vyote vina sahihi ya mumeo, na hakuna hata kimoja kinachomtaja mtu mwingine, si kama mwandishi wala kama msaidizi. Huyo ni mshiriki tunayemheshimu. Kiraka chake cha saba, chenye alama ya BABA, tumekitoa kama mfano kwa wageni wa mradi. Alitueleza kuwa aliichagua alama hiyo kwa furaha ya kupata mtoto wake wa kwanza.

Inawezekana kuna jambo halikueleweka kati yenu. Kama ni hivyo, mwenye sahihi anaweza kuniandikia mstari mmoja tu kabla ya tarehe thelathini Aprili, nami nitarekebisha orodha. Bila mstari huo sina namna ya kukuhesabia.

Kwa heshima,
Msimamizi wa Kiini


28 Machi

Mume wangu,

Nakuambatanishia barua ya Msimamizi. Nimeisoma nikiwa nimesimama dukani kwa fundi, na fundi alikuwa anasubiri nimwambie. Nikamwambia bado hawajajibu.

Nilidhani ule mstari wa sahihi ulikuwa unaujaza kwa jina langu. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa naona unaandika “viraka vyetu” nikawa nafurahi, nikasema mume wangu si mchoyo, kazi yangu anaiita yetu. Kumbe ulikuwa unajiongeza wewe, hukuwa unaniongeza mimi.

Sigombi. Mwandikie mstari mmoja. Una siku thelathini na tatu.

Mama Kibogoyo


6 Aprili

Mama Kibogoyo,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka hasira yako ipoe kwanza.

Hebu fikiri kwa utulivu. Mimi na wewe ni mwili mmoja. Jina langu likipanda, nani anapanda nalo? Kibogoyo atavaa jina la nani? Mwanzoni nilitia langu kwa kuwa anuani ni ya kazini na hawaruhusu vinginevyo, nikasema nitarekebisha baadaye. Kikapokelewa cha kwanza, wakanipongeza mbele za watu. Cha pili wakanipongeza tena. Ungekuwa wewe ungesimama useme nini? Kwamba haya yote kaniandikia mpokea wageni wa gesti? Wangedhani nawatania.

Sijakuambia, nilitaka nikueleze uso kwa uso. Mwezi uliopita wamenifanya fundi mkuu wa kitengo cha kumbukumbu. Nina watu watano chini yangu. Sasa nikiandika huo mstari mmoja unaouita mmoja, najifuta kazi kwa mkono wangu mwenyewe, na nyumba nzima inaanguka. Je, ndicho unachotaka? Nafasi hutolewa kila mwaka. Ngoja mwakani, nitakuwa nimejiimarisha, nitakusemea mimi mwenyewe na utasikilizwa.

Ninalokuomba sasa ni dogo. Vifaa vipya vinavyotumia kiini chetu vimetoka kiwandani wiki iliyopita na vinazimika ovyo. Wanasema chanzo ni kiraka cha saba. Kwenye kompyuta yetu ya zamani nyumbani hakikuwahi kuizima hata mara moja, nakumbuka ulinihakikishia. Nimekaa nacho siku nne, sioni. Nakuambatanishia. Ukipata, nitumie kimyakimya kama kawaida.

Sikumaanisha vibaya niliposema mpokea wageni.

Mumeo


14 Aprili

Kwa Msimamizi wa Kiini,

Shikamoo. Mimi ni yule mwombaji wa viraka kumi na kimoja ambaye hamkumwona kwenye orodha. Nisamehe kukuandikia tena, na nisamehe nikieleza kwa maneno ya gesti, ndiyo niliyosomea.

Kifaa kinachozimika nimeona kwa nini. Kitu hakijakosekana, mistari miwili imebadilishana nafasi. Mgeni akirudisha chumba kuna kazi mbili. Kukisafisha, ambako kwenye kiraka ndiko kukijaza ile alama, na kutundika ufunguo kwenye msumari. Mpokea wageni yeyote anajua unasafisha kwanza, ndipo utundike. Ukitundika kwanza, mwenzako wa mapokezi anauona ufunguo umekaa msumarini, anampa mgeni mpya, mgeni anaingia na mizigo yake. Wewe huna habari, unakuja na ndoo, unasafisha, unamwaga na mali ya watu. Ndivyo kifaa kinavyofanya. Kinatundika, halafu kinajaza BABA juu ya vitu vya mgeni mpya.

Kwenye kompyuta yangu ya nyumbani haionekani kwa sababu mhudumu, yaani kichakataji kinachofanya kazi za mashine, ni mmoja. Anatundika na anasafisha mwenyewe, hakuna wa kumtangulia. Vifaa vyenu vipya vina wahudumu wanne, na wanne wanaangalia ukuta mmoja.

Mimi niliandika kusafisha kwanza. Nakala yangu ya tarehe 4 Februari bado ninayo. Aliyegeuza aligeuza ili ipendeze macho.

Hiki hapa kiraka. Ni kupandisha mstari mmoja juu ya mwingine, basi. Ule wa sahihi nimeujaza mwenyewe safari hii, jina langu na la baba yangu.

Kuhusu vile kumi na kimoja, muulize mwenye sahihi. Ni mume wangu na sipendi kumsemea nyuma ya mgongo, ndiyo maana barua hii nimemtumia na yeye.

Wako katika kazi,
Mwombaji


16 Aprili

Umenitumia na mimi. Asante kwa heshima.

Leo asubuhi Msimamizi kanipigia. Hakuuliza nani kaandika nini. Kauliza tu, kwa sauti ya upole kabisa, “Kiraka chako cha saba, kwa nini ulitundika kabla ya kusafisha?” Watu wangu watano walikuwa mezani. Nikasema ngoja niangalie kumbukumbu zangu. Mmoja wao, kijana tu, akasema “lakini fundi, si ni chako?”

Msimamizi kaahirisha mazungumzo. Kasema na wewe atakupigia, Jumamosi saa nne. Nakuomba kwa jina la mtoto wetu, mwambie tuliandika pamoja. Pamoja. Si uongo huo. Nani alikuonyesha A mpaka F? Nani alikununulia ile kompyuta? Sema pamoja, na mimi nitathibitisha pamoja, utapata nafasi yako na mimi nitabaki na kazi yangu. Ukisema vingine tutakula jeuri yako.

Jibu kabla ya Jumamosi.


19 Aprili

Baba Kibogoyo,

Leo ndiyo Jumamosi, naandika huku nasubiri, saa nne kasoro. Kibogoyo kalala. Mama yako nimemweleza yote jana, sikutaka aje asikie kwa watu. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka ungo mzima ukaisha, akasema, “Mwanangu tangu mdogo alikuwa akitumwa sokoni pamoja na mwenzake, mwenzake anabeba, yeye anakabidhi.” Halafu akasema nisimtaje yeye kwenye barua. Nimemtaja, maana katika nyumba hii sasa nataka kila mtu aandikwe alipo.

Neno lako la pamoja nimelala nalo siku tatu, nimelipima kila upande. Ningelipenda. Kama ungelisema mwezi wa pili, ningelipokea kwa mikono miwili na wala nisingejua kuwa ni punje. Ningeridhika na jina langu kwa herufi ndogo chini ya lako. Ningewaonyesha watu wa kona. Lakini umelileta baada ya kuulizwa swali ukakosa jibu, na mtu anayezama hakumbatii, anashika.

Jana kimekuja kijibarua kutoka kwenye mradi. Kiraka cha kumi na mbili kimepokelewa, vifaa havizimi tena. Kwenye orodha yao jina langu lipo, na mbele yake pameandikwa moja. Moja, Baba Kibogoyo. Nafasi inataka kumi, na zimebaki siku kumi na moja. Bila ukweli wako sifiki, na mwakani nitaanzia hapohapo kwenye moja, na mtoto mgongoni. Nimelia, sikufichi. Kisha nikafungua orodha ya hitilafu ambazo hazina mwenyewe nikaanza kusoma, maana ningefanya nini kingine? Mbili nimeshaziona.

Kwa hiyo akipiga nitamwambia hivi, na nakuambia wewe kwanza ili usije ukasema nilikuvizia. Nitamwambia vyote kumi na kimoja niliandika mimi, mezani hapa, na mstari uliogeuzwa uligeuza wewe. Sitasema pamoja. Sitakutukana pia, wala sitasema ulivyoniita kwenye barua yako. Nitamwambia na ile nyingine, kwamba ulikuwa unakaa kwenye ukingo wa kitanda na mimi nimelala chali na tumbo langu, unanichorea vyumba na funguo nyuma ya karatasi za hospitali, na hukuwahi kuchoka nilipouliza jambo mara ya tano. Hilo nalo ni kweli na lina mwenyewe. Nitamwomba wasikufukuze, wakushushe tu ukae na hao watano ujifunze nao, maana unajua kufundisha kuliko unavyojua kazi yenyewe, na ningekuambia hivyo zamani kama ningejua kuwa unaona aibu. Mimi sikutaka upotee, nilichokuwa nataka ni

Mama ananiita, anasema simu inalia.